John McGeoch: kulifumbua fumbo la mpiga gitaa wa bendi tano

Mwaka 2011, The Weeknd alipokuwa bado kijana wa Toronto asiyejulikana hata sura, aliachia bure mtandaoni mkusanyiko wa nyimbo alioupa jina House of Balloons. Wimbo wenye jina hilohilo umejengwa juu ya gitaa jembamba la sauti ya juu, linalozunguka palepale kama mtoto anayejizungusha uwanjani mpaka kizunguzungu kimshike. Wengi tulilisikia gitaa lile kwa mara ya kwanza hapo, tukadhani ni kazi ya prodyuza fulani wa Kanada. Kumbe lilikuwa na umri wa miaka 31. Lilichukuliwa kwenye "Happy House", wimbo wa 1980 wa bendi ya Kiingereza Siouxsie and the Banshees, na aliyelipiga ni Mskoti aitwaye John McGeoch, ambaye siku hizo alikuwa kaburini mwaka wa saba.

Mwaka 2022 ikatokea tena. Msimu wa 4 wa tamthilia ya Stranger Things ukautumia wimbo mwingine wa bendi hiyohiyo, "Spellbound" wa 1981, na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka wakaanza kuuliza: nani huyu anayepiga gitaa namna hii?

Ukimtafuta utachanganyikiwa. Utamkuta Magazine, bendi ya Manchester. Utamkuta Visage, kundi la disko na vinanda vya umeme la London. Utamkuta kwa Siouxsie and the Banshees, halafu The Armoury Show, halafu Public Image Ltd ya John Lydon, yule aliyekuwa mwimbaji wa Sex Pistols. Kuna kipindi majina matatu ya bendi yanaangukia mwaka mmoja. Mtu anaweza kudhani ni habari za watu watatu wanaochangia jina, au za kibarua aliyekuwa akienda popote penye malipo. Mimi nashikilia kwamba bendi zote tano zimebeba wazo moja, na wazo lenyewe ndilo lililomfanya asijulikane.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu panki ni mkato wa nywele, ule wa kunyoa pembeni na kuacha katikati zimesimama. Jina la mkato huo limetokana na muziki uliolipuka London mwaka 1976 na 1977: nyimbo fupi, za kasi, zenye kodi mbili tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) zikipigwa kwa nguvu zote, na mwimbaji akipayuka. Panki ilisema yeyote anaweza kupiga muziki. Ilikuwa kauli nzuri, ila kimuziki iliishiwa pumzi mapema. Kufikia 1978 wapo waliotaka kubaki na ule uhuru bila kurudia kelele ileile. Wakaanza kuchota kwenye rege na dabu ya Jamaika, kwenye disko, kwenye vinanda vya umeme vya Kijerumani, hata kwenye yale waliyosoma vyuo vya sanaa. Hicho ndicho kinachoitwa posti-panki, muziki uliokuja panki ilipokwisha kusafisha njia.

Katika muziki huo gitaa lilijikuta halina kazi ya wazi. Wapiga roki wa zamani walilitumia kwa solo ndefu, mpigaji amefumba macho, wenzake wakimsubiri. Panki ilizichukia solo, ikaligeuza gitaa kuwa ukuta wa sauti nyuma ya mwimbaji. Posti-panki ikaubomoa ukuta nao. Besi sasa ilibeba wimbo, ngoma zilipewa nafasi, kinanda kiliziba mianya. Gitaa likae wapi?

Aliyekulia kwenye muziki wa dansi atalielewa swali hili upesi kuliko Mwingereza, maana kwetu lilipata majibu yake zamani. Yupo mpiga rithim, yupo wa solo, pengine na wa pili anayemjibu, na utamu wote uko kwenye namna magitaa hayo yanavyosukana bila kugongana. Bendi nyingi za posti-panki zilikuwa na gitaa moja tu. Mtu mmoja, mikono miwili, afanye kazi ya watu watatu na bado asiibe wimbo. McGeoch ndiye aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1955 Greenock, mji wa bandari na wa kuunda meli kwenye mlango wa mto Clyde, magharibi mwa Glasgow. Alishika gitaa akiwa na miaka 12, akajifunza kama wenzake wa wakati ule kwa kuwaiga Eric Clapton na Jimi Hendrix. Mwaka 1971 familia ikahamia viungani mwa London, na 1975 yeye akaenda Manchester kusomea sanaa za uchoraji katika Manchester Polytechnic. Somo hilo lisipitwe haraka. Mchoraji hufundishwa kwamba rangi moja haina maana mpaka uone imekaa jirani na ipi, na ukimsikiliza McGeoch kwa makini utaona alikuwa akipima jambo hilohilo kwa masikio.

Aliishi nyumba moja na mwanafunzi mwenzake, Malcolm Garrett, aliyekuwa akibuni majalada ya santuri za bendi ya Buzzcocks. Mwimbaji wa Buzzcocks, Howard Devoto, alikuwa ameiacha bendi hiyo mwanzoni mwa 1977 na anatafuta watu wa kuanza nao upya. Inasimuliwa kwamba Garrett alimwambia ana mwenzake nyumbani anayeweza kupiga magitaa yote ya Marquee Moon, albamu ya bendi ya Television ya New York iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka. Television walikuwa na wapiga gitaa wawili hodari waliosukana usiku na mchana, kwa hiyo sifa hiyo haikuwa ndogo. Devoto akaenda kumsikiliza, na hapo ikazaliwa Magazine, Barry Adamson akiwa kwenye besi.

Wimbo wao wa kwanza, "Shot by Both Sides", ulitoka Januari 1978. Noti zake za gitaa, zinazopanda kama mtu anayekimbia ngazi huku akitazama nyuma, zilitokana na Pete Shelley wa Buzzcocks, ambaye naye aliziweka kwenye wimbo wa bendi yake. Ukisikiliza nyimbo hizo mbili kwa kufuatanisha utajifunza mengi. Kwa Buzzcocks ni kipande kimojawapo cha wimbo mtamu. McGeoch alizigeuza kuwa kengele ya hatari. Wimbo ulifika nambari 41 kwenye chati ya Uingereza, bendi ikaitwa kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, Devoto akasimama pale kama sanamu bila kutikisika, na wimbo haukupanda tena.

Habari ya Magazine kwa jumla ilikuwa hiyo. Walitoa albamu tatu wakiwa na McGeoch, Real Life (1978), Secondhand Daylight (1979) na The Correct Use of Soap (1980). Wanamuziki wenzao waliwaheshimu, wanunuzi hawakufika kwa wingi. Kila albamu ilipotoka, vinanda vya Dave Formula vilitanuka zaidi na gitaa likabanwa. McGeoch hakuwa mtu wa kugombea nafasi ndani ya wimbo. Alipiga pia saksafoni na kinanda mwenyewe, na palipofaa gitaa linyamaze alinyamaza. Ila mpiga gitaa anayenyamaza sana hufika mahali akajiuliza yuko pale kwa ajili gani.

Sasa tuingie 1980, mwaka unaowachanganya wengi.

Visage ilianza kama mradi wa studio wa watu wa vilabu vya usiku vya London: Steve Strange, aliyesimama mlangoni kuamua nani aingie, na Rusty Egan, aliyecheza santuri ndani. Pamoja na mwanamuziki Midge Ure walitaka nyimbo mpya za kuchezwa hukohuko, wakawaita wanamuziki wa bendi mbili, Ultravox na Magazine. Kutoka Magazine walikwenda watatu, Adamson, Formula na McGeoch. Kwa hiyo unapoliona jina la McGeoch Visage na Magazine kwa wakati mmoja, hakuwa amehama. Nusu ya wenzake wa Magazine walikuwa naye studio ileile. Visage haikuwa na ziara za kumvuruga mtu ratiba. Na wimbo wao "Fade to Grey" ulifika nambari 8 Uingereza na nambari 1 Ujerumani, mafanikio ambayo Magazine haikuyaonja kamwe. Fikiria hali ya mtu anayemwaga jasho kwenye bendi yake isiyouza, halafu kazi ya pembeni ndiyo inayolia kwenye kila klabu.

Huku nako Siouxsie and the Banshees walikuwa na janga. Septemba 1979, wakiwa Aberdeen, saa chache kabla ya kupanda jukwaani, mpiga gitaa wao na mpiga ngoma wao waliondoka bila kurudi. Robert Smith wa The Cure, bendi iliyokuwa ikiwafungulia, akawasaidia kumaliza ziara, kisha akarudi kwa wenzake. Mwanzoni mwa 1980 wakamwita McGeoch kama mgeni. Wimbo wa kwanza kutoka naye ulikuwa huohuo "Happy House", uliofika nambari 17. Albamu ya Kaleidoscope ilipotoka Agosti na kufika nambari 5, ilikuwa wazi mgeni amekuwa mwenyeji, akaiaga Magazine. Adamson na Formula walibaki, wakatafuta mpiga gitaa mwingine, na 1981 bendi ikavunjika.

Tukae kidogo na "Happy House", kwa sababu sikio la The Weeknd halikudanganyika. Mpiga gitaa wa kawaida akipewa kodi ataipiga nyuzi zote kwa pamoja. McGeoch anaidonoa uzi mmoja mmoja, juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, mahali ambapo sauti ni nyembamba na ina ubaridi kidogo. Huku chini Steven Severin anapiga besi nene na Budgie anapiga ngoma zenye harufu ya rege. Gitaa haliwagusi. Limeelea juu yao, na mwimbaji ana uwanja mzima wa katikati. Hakuna mahali anapojitokeza kusema "nipo", lakini jaribu kuliondoa kichwani mwako uone kama kuna wimbo unaobaki. The Weeknd na wenzake walipohitaji kipande kimoja cha kubeba jengo lao jipya, walichukua hicho.

Kisha ikaja Juju, Juni 1981, albamu ambayo mimi naiweka juu ya zote alizowahi kupiga. Nyimbo nyingi zilikuwa zimepigwa jukwaani kwanza, zikazoeana na wanamuziki kabla ya kuingia studio. Hapo ndipo ilipo "Spellbound". Inaanza na gitaa la umeme likidonolewa, noti zikijikunja na kujikunjua, sauti yake ikiwa na unyevunyevu fulani. Unyevunyevu huo unatoka kwenye kiboksi kiitwacho flanja. Kazi yake ni hii: kinachukua sauti ya gitaa, kinatengeneza nakala yake, kinaichelewesha nakala hiyo kwa milisekunde chache tu, kisha kinazichanganya mbili hizo huku kikibadilisha ule ucheleweshaji bila kutulia. Sauti zinapishana na kugongana, na unasikia mvumo kama wa ndege inayopita juu ya mapaa. Wapigaji wengi walikitumia kama pambo la hapa na pale. McGeoch alikipachika kwenye stendi ya maikrofoni, sio chini miguuni, ili aweze kugeuza vitufe kwa mkono katikati ya wimbo, na akakifanya sehemu ya ala yake sawa na nyuzi.

Kiitikio kinapofika, linaingia gitaa kavu la nyuzi 12, lisilo la umeme, likichapwa kwa kasi. Nimewahi kujaribu kulifuatisha. Vidole vya mkono wa kushoto havina taabu kubwa, kodi zenyewe hazitishi. Mkono wa kulia ndio unaokufa. Kabla wimbo haujafika nusu kiganja kilikuwa kimekaza kama ubao na kasi imenikimbia. Na hata pale nilipoweza, sauti yangu ilikuwa ya mtu anayepiga gitaa. Yake ni ya kitu kinachokimbia gizani. Johnny Marr, mpiga gitaa wa bendi ya The Smiths, ambaye alikuwa kijana wa Manchester wakati ule, ameisifu "Spellbound" hadharani kwa udonoaji wake na kwa namna inavyokataa kuwa roki ya kawaida, na ukisikiliza The Smiths utaona wanafunzi hufika wapi.

Lakini kwenye jalada nyimbo za Juju ziliandikwa kwa jina la bendi nzima. Aliyeonekana mbele ya watu alikuwa mwimbaji wao, Siouxsie, na alistahili. Hakuna solo ya kumfanya mshabiki aulize nani yule. Mpiga gitaa wa roki hupata jina kwa kusimama mbele ya wimbo. McGeoch aliingia ndani yake akafunga mlango. Watu waliimba gitaa lake wakidhani wanaimba wimbo. Na hakukaa bendi moja muda wa kutosha kwa jina lake na jina la bendi kushikamana.

Albamu ya tatu na Banshees, A Kiss in the Dreamhouse, ilitoka Novemba 1982, na ilipotoka yeye hakuwemo tena. Ziara zilikuwa zimemchosha, pombe ilikuwa imemshika. Mwishoni mwa Oktoba, bendi ikiwa Madrid, alishindwa kabisa jukwaani. Akalazwa hospitali, na bendi ikaendelea bila yeye, Robert Smith akarudi tena kushika nafasi. Severin na Siouxsie baadaye walizungumza juu ya uamuzi ule kwa majuto. Naona wengi husimulia kipande hiki kama kichekesho cha roki, na hainipendezi. Alikuwa mtu wa miaka 27, mgonjwa, na biashara ya muziki ya wakati ule ilijua kumpa mgonjwa vitu viwili tu, chupa nyingine au barua ya kuachishwa.

The Armoury Show nitaipitia haraka. Aliiunda 1983 pamoja na Richard Jobson na Russell Webb, waliotoka bendi ya Kiskoti ya Skids, na John Doyle wa Magazine kwenye ngoma. Walitoa albamu moja, Waiting for the Floods, mwaka 1985. Magitaa yake ni mazuri, nyimbo zenyewe zinapiga kelele kubwa kuliko zinachosema, na haikuuza.

Mwaka 1986 John Lydon alihitaji bendi ya kwenda nayo ziara. Albamu aliyokuwa ametoka kuitoa ilirekodiwa na wanamuziki wa kukodi, akiwemo mpiga gitaa Steve Vai, na hao hawakuwa wa kukaa kwenye basi. Lydon akampata McGeoch. Septemba ya mwaka huohuo, Vienna, mtu kwenye umati alirusha chupa ya mvinyo ikampiga usoni, akashonwa nyuzi zipatazo 40. Alipona, akarudi jukwaani. Alibaki Public Image Ltd mpaka 1992, akapiga kwenye Happy? (1987), 9 (1989) na That What Is Not (1992), na mpaka bendi iliposimama hapakuwa na aliyedumu humo kuliko yeye ila Lydon mwenyewe. "Disappointed" ya 1989 ilishika nambari 1 kwenye chati ya Billboard ya roki ya kisasa kule Marekani. Rekodi hizo zina ung'avu wa studio za wakati ule ambao umechuja, na gitaa mara nyingine limezamishwa, lakini isikilize "Seattle" kwa vipokea sauti vya masikioni: yumo, anadonoa, anazunguka, anampisha mwimbaji.

Baada ya hapo milango haikufunguka. Alijaribu kazi na watu waliotoka bendi nyingine zilizokwisha kuvuma, hakuna kilichosimama. Katikati ya miaka ya 1990 akajifunza kazi ya kuhudumia wagonjwa. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kusikitika, kama anguko. Mimi ukiniambia mtu aliyetumia miaka 15 kusikiliza wenzake wanahitaji nini ndani ya wimbo amekwenda kuwasikiliza wagonjwa, sishangai hata kidogo.

Alifariki usingizini tarehe 4 Machi 2004, ana miaka 48. Kitabu kamili cha maisha yake, kilichoandikwa na Rory Sullivan-Burke, kilikuja kutoka 2022. Wanamuziki hawakungoja kitabu. Mwaka 2002 Red Hot Chili Peppers walitoa By the Way, albamu iliyouzwa kwa mamilioni duniani, na mpiga gitaa wao, John Frusciante, akaeleza kwamba alipokuwa akiitengeneza alikuwa akimsoma McGeoch: namna anavyodonoa kodi badala ya kuzichapa, namna anavyokwepa yale yanayotarajiwa. McGeoch wakati huo alikuwa hai bado, huko Uingereza, na redio zilikuwa zikipiga nyimbo hizo kutwa nzima.